Damu ya Nyumba ya Fimbo

Fulgencio Berrocal alikuwa mtoto wa miaka minane siku babake, Abundio, alipomuua mtu mbele ya kilabu cha divai cha Villar del Enebro, kijiji cha Hispania. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nyumbu. Muuza kamba mmoja aitwaye Celedonio alimpiga teke nyumbu wa Abundio aliyefungwa mlangoni, nyumbu naye akamrudishia, watu wakaangua kicheko, na Celedonio kwa aibu akamtemea mate mwenye nyumbu. Abundio alijipangusa uso. Aliingia ndani, akamaliza divai yake, akatoka na fimbo ya mwaloni aliyochungia ng'ombe, akampiga Celedonio juu ya sikio.

Pigo hilo peke yake lilitosha kumlaza chini. Abundio akaendelea kama mtu anayepura ngano, bila haraka, akivuta pumzi kila akiinua mkono, mpaka uso wa yule mtu haukuwa uso tena. Wanaume waliomrukia mgongoni aliwaburuta kama mizigo. Fulgencio alikuwa ameshika hatamu ya nyumbu, na damu ilimrukia magotini. Kilichomkaa akilini maisha yake yote si ile damu. Ni kwamba babake hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliye kazini.

Abundio alifia gerezani kwa ugonjwa wa kifua. Kijiji kikaipa nyumba yake jina: Nyumba ya Fimbo. Tangu hapo Fulgencio alikuwa mtoto wa Fimbo, na mtoto wa Fimbo aliketishwa karibu na mlango wa darasa, mbali na wenzake. Kioo kikivunjika, alichapwa yeye kwanza, kisha ndipo waliuliza nani kakivunja. Akina mama waliwavuta wanao alipopita. Hakuwa amemgusa mtu bado. Alipoanza kupiga, alipiga kwa nguvu, na hakuna aliyeshangaa.

Alipotimiza miaka ishirini, siku ya sherehe ya mtakatifu wa kijiji, kijana aitwaye Ursicino alimwita mbele ya wasichana. "We Fimbo! Babako kule chini bado anapura, au wamempa likizo?" Fulgencio alimvunjia chupa usoni. Kisha akamkalia kifuani na kumpiga kwa ngumi yenye vipande vya kioo ndani yake, na walipomtoa, jicho la kushoto la Ursicino lilikuwa limemwagika shavuni. Hakimu, mzee aliyemhukumu Abundio enzi zake, alivua miwani akasema, "Mwana wa babake," kisha akaandika hukumu.

Gerezani Fulgencio aliyatafakari maneno hayo, akaona yana nafuu yake. Kama ni damu, basi si yeye. Mtu hachagui damu yake, kama asivyochagua urefu wake. Akalala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza.

Alipotoka, hakuna aliyetaka kumwajiri isipokuwa don Hilario, mwenye shamba la Valdencina, ambako walifugwa mafahali wa kupigana uwanjani. Don Hilario alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyejua majina ya bibi wa bibi wa kila ng'ombe wake. "Wewe ni mtoto wa Abundio," alimwambia. "Vizuri. Mimi nafuga hasira. Nataka mtu asiyeiogopa."

Fulgencio akakaa Valdencina mpaka akawa msimamizi wa mifugo. Ilikuwa kazi inayomfaa. Mafahali wa pale waliishi chini ya mialoni wakila mbegu zake, wanene, weusi, kimya, na kila majira ya baridi waliuana. Mwaka mmoja wanne walimshambulia mwenzao aliyeteleza kwenye barafu ya kijito. Fulgencio na mpanda farasi mzee, Tiburcio, walifika mbio wakakuta wameshamfungua tumbo, naye bado anajaribu kusimama, akikanyaga utumbo wake mwenyewe. Tiburcio akajipiga ishara ya msalaba. Fulgencio alishuka, akamkata fahali uti wa shingo kwa kisu kifupi, akapanguza kisu kwenye suruali.

"Moyo huna, wewe," alisema Tiburcio.

"Moyo ninao. Damu ndiyo mbaya."

Alimwoa Oliva, binti wa mwashi, mwanamke mwenye mabega mapana aliyecheka kwa sauti. Usiku wa kwanza Fulgencio alimwambia neno moja tu: "Ukiniona nimenyamaza sana, nipishe njia." Wakapata binti mmoja, Práxedes, na Fulgencio akasema basi, hataki mwingine, mbegu hii iishie hapa. Oliva alilia, kisha akazoea. Na kweli mle ndani ya nyumba hakuinua mkono hata siku moja. Hasira ikimpanda alitoka bila kufunga mlango, akaenda nyuma ya ghala kupasua kuni, akapasua mpaka viganja vikachubuka, hata kiangazi ambapo hakuna aliyehitaji kuni. Majirani waliona lile rundo limefika paani wakacheka. "Kwa Fimbo huko, baridi inaanza Juni."

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Alimvunja dereva wa lori taya kwa sababu ya kuwachoma mafahali kwa fimbo ya umeme. Alimtupa mchungaji mmoja ndani ya josho. Don Hilario alilipa faini na kujigamba kwa wageni wake: "Huyu naye ni wa ukoo. Babake aliua."

Katika miaka ya themanini akaja daktari mpya wa mifugo, mwanamke wa Kibasque aitwaye Begoña, aliyevuta sigara kali na kuvaa buti za wanaume. Hakuja kutibu tu. Alitaka kujua ukali wa mafahali unatoka wapi. Kwa misimu kadhaa alisimama ukutani wakati wa kupima mitamba, yaani wale majike wachanga wanaoingizwa uwanja mdogo wa shambani wamkabili mpanda farasi mwenye mkuki, ili anayerudi na kurudi tena abaki kuwa mama, na anayekimbia apelekwe machinjioni. Alilinganisha watoto wa fahali mmoja kwa mama tofauti, na watoto wa mama mmoja kwa mafahali tofauti. Akamwomba don Hilario ruhusa ya kubadilisha ndama, wa mama mkali anyonyeshwe na mama mpole, na kinyume chake. Don Hilario alikubali kwa kucheka, kama mtu anayemruhusu mtoto kuchezea maji.

Siku ya kupiga chapa ndama, wote wakila dengu na soseji chini ya ukuta, Tiburcio alimchokoza Begoña. "Haya, daktari, umeshatazama vya kutosha. Tuambie. Ukali ni damu au si damu?"

"Hapa Valdencina, kama theluthi hivi," alisema Begoña.

"Theluthi!" Tiburcio alimgeukia fahali aliyekuwa nyuma ya ua. "Theluthi ipi? Kichwa ni cha damu, na matako ni ya nani?"

Wakacheka wote, Begoña naye akacheka. Kisha akanyanyua kijiko. "Sikiliza, mzee. Hizi dengu ni tamu. Utamu wake, kiasi gani ni dengu na kiasi gani ni moto?"

"Swali la kijinga hilo. Bila dengu huli, bila moto huli."

"Ehe. Kwa hiyo sufuria moja huwezi kuigawa. Fahali mmoja vilevile, huwezi kumgawa. Lakini nikuwekee sufuria hamsini. Nikitia kila moja dengu za shamba lake na moto uwe uleule, tofauti zote za utamu utasema ni za dengu. Nikichota gunia moja na kila sufuria nikaipa moto wake, tofauti ni za moto. Mimi sipimi ng'ombe, mzee Tiburcio. Napima tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe, hapa, kwa malisho haya na mikono hii. Kati ya tofauti hizo, theluthi ni vinasaba, hicho mnachokiita damu. Zilizobaki ni maziwa, ni ugonjwa wa utotoni, ni nani alimpiga pembe akiwa mdogo, ni bahati. Nenda shamba jingine, theluthi yangu haifai tena. Watapata nusu, au robo."

"Damu haina robo," alisema don Hilario bila kuinua kichwa.

"Ungekuwa hujapata kitu kwa kuchagua, don Hilario, ningekuambia damu si kitu. Umepata. Miaka mia ya kuchagua wakali, na mafahali wako ni wakali kweli. Lakini bado kila mwaka nyumba bora inakuzalia mwoga, na hujui kwa nini."

Fulgencio alikuwa ameacha kula. Begoña alipokwenda kuosha mikono, akamfuata mpaka kwenye birika la ng'ombe.

"Na watu?"

"Watu siwapimi, Fulgencio."

"Lakini unajua."

Begoña alimtazama. Habari za Nyumba ya Fimbo alikuwa ameshazisikia, kila mtu alizisikia siku ya kwanza. "Kwa watu pia ipo sehemu yake," alisema. "Hata hasira. Sikudanganyi. Pengine ulizaliwa na hasira karibu. Lakini mtoto wa mtu mpigaji anapewa na babake vitu viwili kwa mkupuo mmoja, vinasaba na ngumi. Mimi ndama naweza kumhamisha nikaona. Wewe nani alikuhamisha?"

"Alinipiga kwa mkanda wa mkokoteni," alisema Fulgencio. "Na alipokufa, kijiji kikapokea mkanda."



Mwezi wa Februari ulipimwa uzao mpya. Wageni walijaa ukutani, wenye mashamba jirani, jamaa wa don Hilario, na mpwawe Gonzalo aliyetoka Madrid na viatu vya kung'aa, akinywa tangu asubuhi. Práxedes, aliyekuwa na miaka kumi na tisa wakati huo, alikuwa anasaidia kubeba vyuma na chumvi ghalani. Alikuwa binti mkimya mwenye mabega ya mamake, na hakuna mtu aliyewahi kumwona akigombana.

Mtamba wa kwanza alikuwa wa nyumba ya Carbonera, ukoo wa ng'ombe mkali kuliko koo zote za Valdencina. Mamake alikuwa ameua farasi wawili. Akatoka gizani mbio, akauona mkuki wa Tiburcio, ukamgusa mara moja, akalia kama mbuzi na kugeuka. Akazunguka uwanja akitafuta mlango.  Don Hilario alisema ni mgonjwa, arudishwe.

Wa tatu alikuwa wa ng'ombe mmoja mpole asiye na jina kubwa, jike aliyeachwa kwa ajili ya maziwa tu. Huyo alikwenda kwenye farasi kama jiwe lililotupwa. Mkuki ukamwingia begani. Akasukuma. Farasi akainuliwa miguu ya mbele, Tiburcio akalaani, damu ikamtiririka mtamba mpaka kwato, naye akarudi nyuma, akachimba mchanga, akaja tena. Akaja tena. Farasi akaanguka na Tiburcio chini yake, na yule mtamba akaingiza pembe chini ya godoro la kinga lililofungwa ubavuni, akampasua farasi kuanzia kinena mpaka mbavuni. Mngurumo ukatoka kwa watu, ule mngurumo wa nusu hofu na nusu raha. Fulgencio aliruka ukuta, akamshika mkia, akamvuta. Alipigwa teke la paja hakulisikia. Walipomtoa, Tiburcio alikuwa anapumua, ingawa nyonga ilikuwa imevunjika.

"Huyu anabaki," alisema Begoña kutoka ukutani, uso mweupe.

"Huyu machinjioni," alisema don Hilario. "Hana nyumba. Ni ajali tu. Na yule wa Carbonera anabaki, atazaa vizuri."

Fulgencio alisimama katikati ya uwanja na damu ya farasi mpaka viwikoni. Aliwatazama wote wawili kupitia mbao za zizi, mwoga mwenye jina na mkali asiye na jina.  Yule mtamba walau alifunguliwa mlango wamtazame anafanya nini. Yeye hakufunguliwa. Alihukumiwa tangu yuko na hatamu ya nyumbu mkononi. Na alipomaliza kuwaza hivyo, alisikia kelele kutoka ghalani.

Gonzalo alikuwa amemfuata Práxedes ndani. Alimbana kwenye magunia ya chumvi, akamziba mdomo kwa kiganja, akamchania blauzi mpaka kiunoni. Práxedes alimng'ata kidole mpaka mfupani, na Gonzalo alipomwachia kwa maumivu, yule binti alichukua chuma cha chapa kilichokuwa ukutani na kumpiga. Fulgencio alifika mlangoni wakati mkono unavunjika. Alisikia mlio, kama tawi kavu. Gonzalo akapiga magoti akipiga yowe, mkono umekunjika mahali pasipo na kiungo.

Práxedes aliinua chuma mara ya pili. Fulgencio aliuona uso wake. Ulikuwa mtulivu. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini, na Fulgencio alirudi nyuma hatua moja, kwa sababu uso huo alikuwa ameuona mara moja tu maishani mwake.

Chuma kikakaa juu. Kisha Práxedes akakitupa nyuma ya magunia, akajifunga blauzi, akasema, "Baba, nipeleke nyumbani."

Hapo ndipo ilipaswa kwisha. Gonzalo, machozi na kamasi usoni, akainua kichwa. "Malaya wa Fimbo," alisema. "Damu ya wauaji ninyi, wote mnyongwe."

Fulgencio hakukumbuka vizuri yaliyofuata, au alisema hakumbuki. Wengine walikumbuka. Alimnyanyua Gonzalo kwa nywele na kumgonga uso kwenye mlango wa mbao, na mbao zikapasuka. Alimpiga ngumi za mbavu moja baada ya nyingine. Alimpiga teke la sikio alipokuwa chini, kisha jingine. Práxedes alimning'inia shingoni akipiga kelele, "Baba, basi! Baba, amekwisha anguka!" naye alimkung'uta kama mvua. Begoña alimpiga kwa beleshi la chuma la kuchotea nafaka, mgongoni, mara kadhaa. Mwishowe wachungaji walimtupia kamba ya kufungia fahali, wakamvuta chini, na hata kamba shingoni bado miguu yake ilikuwa inatafuta mtu wa kupiga.

Gonzalo hakufa. Mbavu zake ziliunga, meno yakapungua, sikio moja likaacha kusikia moja kwa moja.

Polisi walimchukua Fulgencio kabla giza halijaingia. Don Hilario alitoa ushahidi dhidi yake, yule yule aliyejigamba naye miaka yote. Práxedes naye alihojiwa, akaachiwa. Alama za vidole vya Gonzalo zilikuwa bado nyeusi kwenye mikono yake, na daktari wa polisi aliziona.

Wakili aliyepangiwa Fulgencio aliitwa Losada, kijana mwenye suti iliyombana na akili ya haraka. Alikuja gerezani akiwa na furaha. "Kesi yako ina mlango," alisema. "Ugonjwa wa ukoo. Siku hizi mahakama zinasikiliza sayansi. Babako aliua, wewe ulimtoa mtu jicho, sasa hili. Hasira yako imo kwenye damu, hukuichagua. Tutamwita yule daktari wa mifugo aeleze urithi. Utapata hospitali badala ya jela."

Fulgencio alisikiliza. Hayo ndiyo aliyoyaamini tangu ujana, na sasa msomi alikuwa anampa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Na binti yako," aliendelea Losada, "ni ushahidi mzuri ajabu. Vizazi vitatu! Alimvunja mtu mkono kwa pigo moja."

"Binti yangu alikuwa anajitetea."

"Bila shaka, bila shaka. Lakini nguvu ile, utulivu ule. Umenieleza mwenyewe. Yeye anakamilisha mnyororo."

"Mtoe humo."

"Nikimtoa, mnyororo umekatika, mzee wangu. Utakula miaka. Fikiria."

Begoña alikuja siku ya kutembelewa, akakaa ng'ambo ya nyavu na sigara isiyowashwa. "Nimeitwa," alisema. "Nikiulizwa nitasema ninachokijua. Kwamba katika kundi kubwa damu inaeleza sehemu ya tofauti. Kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kumtazama mtu mmoja akasema ngumi hii ya damu, ngumi ile ya babake, na hii yako."

"Kwa hiyo hunisaidii."

"Sikusaidii. Samahani, Fulgencio."

Alimchukia jioni nzima. Kesho yake akaja Oliva na mkate na soseji. Fulgencio alimweleza habari za mlango wa Losada, za hospitali, za damu. Oliva alisikiliza akimenya soseji kwa kucha, kama alivyozoea.

"Tumekaa wangapi katika ile nyumba?" aliuliza.

"Watatu. Unajua."

"Miaka ishirini na ushee. Na mimi si mtu mtulivu, najisemea mwenyewe. Nimekutukana matusi ambayo mwanaume mwingine angenivunja shingo. Práxedes alipokuwa mdogo alilichoma koti lako la harusi. Ulimgusa?"

"Nilikwenda kupasua kuni."

"Ulikwenda kupasua kuni." Alimtazama machoni. "Sasa niambie, mume wangu. Hiyo damu ilikuwa inabaki nje mlangoni ikikungoja? Maana ndani hukuingia nayo."



"Kule nje hukuona haja ya kujizuia," aliendelea Oliva. "Walikwisha kukusamehe kabla hujapiga. Wewe ni Fimbo, wategemee nini? Mimi sikukusamehe kabla, ndiyo maana." Na akaanza kulia kwa hasira, soseji mkononi. "Sasa unataka kumwachia mtoto wangu jina hilo, ili ulale hospitali."

Siku ya kesi Losada alisimama na kuanza na Abundio. Alipofika kwenye nyumbu, Fulgencio alinyanyuka kizimbani. Hakimu alimwamuru akae, hakukaa.

"Mheshimiwa, huyu bwana mdogo anasema vizuri, lakini siyo. Babangu alifanya la kwake. Yule Gonzalo alimfanyia binti yangu ubaya, binti yangu akampiga mara moja, akaacha. Mimi nilimkuta yule bwana yuko magotini. Nilitaka kumpiga, nikampiga. Ningeweza kumshika binti yangu mkono tukaenda nyumbani. Aliniomba. Inawezekana nilizaliwa na hasira, sijui, daktari naye hajui. Lakini miguu iliyompiga teke la pili ni yangu."

Losada alikaa chini na kuzikusanya karatasi zake. Begoña hakuitwa. Fulgencio alipewa miaka sita, na Gonzalo naye, kwa ushahidi wa alama na wa wachungaji, akapata yake, michache zaidi.

Gerezani alipigana mara mbili mwaka wa kwanza, na mara moja alipigwa yeye mpaka akakojoa damu. Baada ya hapo mambo yalipungua. Práxedes alikuja kila alipoweza. Siku moja Fulgencio alimuuliza lile lililomkaa: ule wakati chuma kiko juu, alikuwa anawaza nini?

"Nilitaka kumpasua kichwa," alisema Práxedes. "Nilitaka sana, baba. Nilisikia utamu, kabisa, mpaka kwenye meno."

"Basi kwa nini uliacha?"

Alifikiri, akainua mabega. "Nilichoka mkono. Kisha nikakuona mlangoni, nikaona umeogopa. Sijawahi kukuona umeogopa."

 Aliporudi selo alijifunika blanketi kichwani, akalia kimya kimya ili wenzake wasisikie.

Alipotoka, Valdencina ilikuwa imeuzwa. Oliva alikuwa amehamia mji wa Béjar, anafua mashuka ya hoteli, na Fulgencio akapata kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao mtoni. Wafanyakazi walikuwa watu wa milimani ambao hawakumjua. Kwa miezi mingi alikuwa Berrocal tu, mzee mwenye mikono mikubwa.

Kisha mmoja wao, Saturio, mtu wa mzaha mchafu, akasikia habari za Nyumba ya Fimbo kutoka kwa dereva mmoja. Asubuhi ya majira ya baridi, mbele ya wote, alikuja na ubao begani, akausimamisha kama fimbo. "Kumbe tuna mwana wa mfalme hapa! Watu wa Fimbo! Haya, mzee, tuonyeshe babako alivyopura." Akaugonga ubao kwenye kopo la rangi lililokuwa chini, mara tatu, kwa madaha. Wengine wakacheka, wengine wakasogea nyuma.

Fulgencio alikuwa ameshika ndoano ya chuma ya kugeuzia magogo. Aliona shingo ya Saturio, mahali mshipa unapodunda. Alijua pembe ya kupigia. Kinywa kilimjaa mate.

Aliiweka ndoano chini. Ilimchukua muda kuifumbua mikono. Akatoka mlangoni bila koti, akavuka daraja, theluji ikimpiga usoni, na upande wa pili akashika ukuta akatapika kila alichokula, na baada ya hapo akatapika maji ya nyongo.  Alikaa pale mpaka vidole vikafa ganzi. Hapakuwa na kuni za kupasua.

Alasiri alirudi. Msimamizi alimwambia atakatwa mshahara wa nusu siku. Sawa, alisema. Akaokota ndoano. Saturio alikuwa amekaa kwenye gogo anakula, akamtazama kwa wasiwasi, mkate umesimama njiani kuelekea mdomoni.

"Ulikwenda wapi, mzee?"

"Kutapika."

Saturio alimeza. "Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo."

Yule mtu alikata kipande cha jibini kwa kisu, akakisogeza ukingoni mwa gogo, si karibu sana. Fulgencio hakukichukua. Aligeukia magogo, akaitia ndoano kwenye gamba la msonobari, akaanza kuvuta, na jioni alimwambia Oliva apike supu nyepesi, tumbo halijakaa sawa.